Gololi ya Kitinda

Chumba namba tisa, ghorofa ya chini

Mdogo wangu wa pekee,

Nakusalimu wewe, shemeji na wanao wote, nikiomba barua hii iwakute na afya njema kuliko inavyoniacha mimi. Magoti yangu siku hizi hulalamika kabla sijasimama, na jicho la kushoto limeingia ukungu, ila mkono bado hautetemeki, kama unavyoona kwa mwandiko. Presha yako je? Niambie ukweli, usinifiche kama mara ile.

Barua zako mbili nimezipata. Unasema chumba changu kimeshapakwa rangi, kitanda kipo, na kwamba wazee wawili tuliobaki hatuna sababu ya kufa kila mmoja na upweke wake. Unauliza kwa nini sijibu. Na chini kabisa, kama kawaida yako, umeandika kwamba lau usingemfungulia mdogo wetu Kitinda mlango wa nyuma asubuhi ile, leo tungekuwa watatu. Miaka arobaini na mitatu unaandika maneno hayo. Nitakujibu, ila nivumilie kwanza nikupe habari ya mashine.

Mwaka jana walipovunja kantini iliyokuwa nyuma ya jengo letu, walitupa uani mashine ya mchezo wa gololi, ndugu wa ile ya klabu ya kwetu. Utaikumbuka: meza ya kioo, gololi ya chuma inarushwa na springi hadi juu, inashuka ikigonga nguzo na kengele, nawe unairudisha kwa vibao viwili isije ikatumbukia shimoni. Msimamizi wa jengo alikuwa akimngoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilipomwomba, alisema nichukue, mradi nisimfugie panya. Sasa imekula nusu ya chumba, nami nalala nimejikunja kama herufi S.

Fundi cherehani wa chumba cha mbele, mama mwenye ulimi wa wembe, alinikuta nimelala chini yake na chuma cha kulehemu mkononi. Akasema wazee wenzangu wanatengeneza mambo yao na Mungu, mimi natengeneza mchezo wa wahuni. Nilimjibu kwamba Mungu bado ananikumbuka, wahuni ndio walionisahau. Alicheka, na kesho yake akaniletea lastiki za kuzungushia nguzo.

Pensheni yangu haijui neno vipuri. Mipira mizito ya vile vibao niliikata kwenye tyubu ya baiskeli. Balbu niliokota gereji, zile ndogo za dashibodi. Lakini tumbo la mashine lilinipokea kama mwenyeji: koili, swichi za sumaku, mafungu ya waya zilizopauka, vilevile kama kwenye kituo cha simu nilikofanya kazi miaka ishirini na sita. Nilizisafisha ncha za shaba moja moja kwa karatasi ngumu, maana msasa huzila. Miezi minane. Siku kengele ya kwanza ilipolia, niliiliza tena na tena.

Hapo nikafanya kosa la fundi simu. Kwetu mtambo hukaa sawasawa au hautumiki, basi nikachukua pima maji nikaishusha miguu ya nyuma mpaka povu likasimama karibu na katikati. Nikarusha gololi, nikatazama saa ya ukutani. Ilizunguka kwa uvivu, ikasitasita, ikashuka baada ya dakika saba. Nikajaribu tena, dakika tisa. Mdogo wangu, nilifurahi furaha ambayo sikuwahi kuipata tangu tuhame.

Msimamizi alipopita, alicheka hadi akashika ukuta. Akasema nimeilaza kama jeneza, na kwamba yeye aliicheza kantini ujana wake wote, nyuma lazima iinuke. Akaiinua miguu ya nyuma kwa spana yake mwenyewe. Nikarusha. Dakika moja na nusu. Nikarudia wiki nzima, na siku ya mkono wangu mwema kabisa haikufika dakika tatu.

Sasa nikwambie kwa nini nilikuwa natazama saa.

Siku ile tuliyokimbia, mama aliponituma nikamlete Kitinda, nilirudi nikasema klabu imefungwa na yeye hayumo. Haikuwa imefungwa. Mlango ulikuwa wazi, wenye mahali wamekwisha kukimbia, naye alikuwa peke yake kwenye mashine, mgongo kwangu. Nilimwambia lori linaondoka. Alinijibu bila kugeuka: “Kaka, subiri hii moja ianguke, twende.”

Nilikuwa nimechoka kumfuata huku na huko tangu anajifunza kutembea. Nikamwambia abaki na gololi yake. Njiani nilidhani nasikia hatua zake nyuma yangu. Nilipofika nikaona haya kusema nimemwacha, nikasema hayumo. Lori lilikaa nusu saa nzima likisubiri mafuta, na ningeweza kurudi, ila kurudi kungekuwa kukiri. Kisha milio ya risasi ikaanza upande wa klabu, dereva akaondoa gari.

Miaka yote hii nilijiliwaza kwamba Kitinda alikuwa bingwa, kwamba gololi mkononi mwake isingeanguka leo wala kesho, na ningemsubiri tungeachwa wote wawili. Mpe ubingwa wake wote, zidisha mkono wangu mara tatu: haifiki dakika kumi, na lori lilikaa nusu saa.

Wewe ulimfungulia mlango akacheze, kama ulivyomfungulia kila siku. Mimi ndiye niliyemwona nikamwacha. Mama alikufa akikulaumu, nami nilikuwa kando ya kitanda nikimpepea, sikusema neno.

Hiyo ndiyo sababu sikuweza kujibu habari ya chumba. Nisingeweza kulala ndani yake kabla hujajua unamlaza nani. Usinijibu upesi. Na ukiona hakuna la kujibu, nitaelewa.

Ombi langu ni moja tu. Wanao wamekua wakisikia kisa hiki kama mama alivyokisimulia. Waite wote, hata yule wa mbali, uwasomee barua hii kwa sauti, usiruke mstari. Ukimaliza, uwape salamu zangu, kama watakuwa bado wanazitaka.

Ni mimi,
kaka yako mkubwa