Juu ya Kreti, Mombasa Hadi Voi

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Nimeleta chesisi nyingine kutoka Mombasa. Injini, magurudumu na usukani tu. Kioo hakuna, paa hakuna, mlango hakuna. Hayo ni kazi ya mafundi wa Bwana Jivan hapa Voi, wao huijengea bodi ya mbao na mabati mpaka iitwe basi. Mimi huleta mifupa. Mwakio, fundi wa breki, huikagua bandarini kisha hurudi kwa gari la moshi. Mimi nafunga kreti ya chai kwa kamba, naikalia, naondoka. Vumbi jekundu usoni safari nzima. Miwani ya mpira ya kuzuia vumbi ilipasuka mwezi wa sita. Bwana Jivan asema ameagiza nyingine.
Mwakio ameniuliza mbona jicho la kulia linatoa machozi. Nimemwambia vumbi tu.

Ijumaa, 17 Agosti
Kwa dresa wa zahanati. Ameniziba jicho la kushoto, akauliza ananionyesha vidole vingapi. Nikabahatisha viwili. Kumbe alikuwa amekunja ngumi. Asema la kulia limekwisha na la kushoto liko njiani. Niache vumbi.
Niache vumbi nile nini? Shamba letu kule Chawia ni upana wa leso. Binti yangu Mghoi ndiyo kwanza ameingia darasa la tatu. Dereva asiyeona hana kazi duniani. Naogopa. Sijamwambia mtu, hata mama yake.

Alhamisi, 30 Agosti
Nyingine. Siku hizi barabara siioni, naikumbuka. Maungu naijua kwa harufu ya makaa ya stesheni. Kutoka hapo kulia kidogo, mteremko, daraja la mto mkavu, kupanda, halafu harufu ya mkonge. Nimefika Voi. Miaka minane barabara ni ile ile, itanihama iende wapi?
Nimeingiza chesisi uani bila kugusa hata ubao mmoja. Mafundi wamenipigia makofi. Nikajiona bingwa. Mjinga mimi.

Jumanne, 18 Septemba
Nimeangusha chesisi.
Watu wa barabara wamefunga lile daraja. Wamechepusha njia kushoto, vichakani. Kibao kilikuwepo, kikubwa, chekundu, wanasema. Mimi nilifuata barabara ya kichwani mwangu. Mteremko, daraja. Daraja halikuwepo. Fremu imepinda katikati, haifai tena kubeba bodi. Mimi nimechubuka kiwiko. Afadhali ningevunjika mguu.
Bwana Jivan alikuja na lori. Hata hajafungua mdomo nikasema, "Breki zimekataa." Sikulipanga. Lilitoka lenyewe.

Jumatano, 19 Septemba
Mwakio amefukuzwa. Alibisha kidogo, akaacha. Akasimama akinitazama. Hilo niliona, kwa jicho hili moja bovu. Mkewe ni mjamzito. Ni yeye aliyekuwa akinigawia ugali siku za mwisho wa mwezi.
Mimi ni mtu mbaya.

Ijumaa, 21 Septemba
Ugali nimeupika, nikaufunika.

Jumamosi, 22 Septemba
Nimeingia ofisini bila kubisha hodi. "Bwana, breki zilikuwa nzima. Mimi ndiye sioni."
Bwana Jivan alitungua kalenda ukutani, akaniwekea mbele, akaniambia nisome mwezi. Niliujua mwezi, nani asiyeujua? Lakini sikuwa na nguvu ya kudanganya tena. Nikasema sioni maandishi. Nilingoja afoke. Hakufoka.
"Kwa nini hukuniambia?"
Nikamwuliza miwani iko wapi. Leseni nimeiacha mezani. Mwakio anarudi kazini Jumatatu. Nimepita kwake kuomba radhi, akanisikiliza akiwa mlangoni. Hakunikaribisha. Haki yake.

Jumapili, 14 Oktoba
Chawia. Naandika nikiwekea rula chini ya mstari. Kushoto umebaki mwanga na vivuli. Mama Mghoi ameegemeza fimbo karibu na mlango, na hajaniambia ni ya nani. Sijaigusa. Asubuhi nilijikwaa kwenye jiwe la kufulia, nikalitukana mbele ya mtoto.

Jumatatu, 5 Novemba
Fimbo nimeichukua.

Jumamosi, 24 Novemba
Leo basi jipya limepanda hadi huku. Injini niliitambua likiwa bado chini ya kona. Ni ile ya tarehe sita Agosti, nimeileta mimi.
Mwakio ameshuka humo na sukari na majani ya chai. "Kaka, sikuja kwa ubaya." Mkewe amejifungua mvulana. Chesisi sasa analeta yeye, juu ya kreti ile ile. Ameongezwa mshahara. Anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Nikauliza miwani. Asema Bwana ameagiza.
Alinishika mkono tukaenda kuligusa basi. Nilipapasa mlango, dirisha, kiti cha dereva chenye mto. Nikamwuliza rangi. Bluu, na mstari mweupe.
Tukakaa uani tukingoja chai. Nikamsikia anapikicha macho. Nikamwuliza yana nini.
"Vumbi tu, kaka."
Mama Mghoi amemletea maji kwenye karai. Amenawa mara tatu.