Mnyororo Unaomkataa Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Juni 2009
Jana mnyororo wa baiskeli ulitoka mara tatu kati ya nyumbani hapa Juru na kanisani. Mara tatu! Na nilikuwa nimempakia mama mkwe. Mara ya tatu aliteremka, akaendelea kwa miguu, mke wangu Mariette akimshika mkono. Walifika wimbo wa pili. Mimi nilifika na mikono myeusi ya grisi, mchungaji akanisalimia kwa kiwiko.

Jumanne ya wiki ijayo madaktari wa macho watakuwa Mbarara, na jina la mama mkwe limo kwenye orodha. Wakiondoka, hawarudi kabla ya Desemba. Jicho la kushoto limekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, la kulia linaona vivuli tu. Gari ya kwenda huko inatoka Kabingo saa moja asubuhi. Pikipiki hataki kabisa – kelele, na dereva asiyemjua. Basi ni baiskeli. Basi ni mnyororo.

Jumatano, 10 Juni
Fundi Nehemiya ameutazama. Amesema umerefuka kwa uzee, kama mwenye nao. Ameukata kidogo, akavuta gurudumu la nyuma, akakaza nati. Jaribio: Mariette, hadi kisimani na kurudi, mara mbili. Haukutoka. Aliimba njia nzima.
Nimeandika ukutani kwa chaki: IMEPONA.

Alhamisi, 11 Juni
Haijapona. Nilimpakia mama mkwe kwenda kuona mtoto mchanga wa jirani, Mariette akitembea kando. Umetoka kabla ya duka la Emery. Nikaurudisha. Ukatoka tena.
Mimi haniambii neno moja kwa moja. Ndivyo ilivyo kwetu kati ya mama mkwe na mkwe. Alimgeukia Mariette: “Ambia bwana yako, kinga yake hainipende.”
Mariette alicheka. Mimi pia, nikiwa nimeinama juu ya hiyo kinga, yaani baiskeli.
Nimefuta chaki.

Jumamosi, 13 Juni
Sasa kwa utaratibu. Gunia la mahindi badala ya mtu. Uzito wa kukadiria – wa mama mkwe nitamuuliza nani?
Gunia katikati ya kariya, kile chuma cha mzigo nyuma: hadi kwenye kichuguu na kurudi. Haukutoka.
Gunia mwisho kabisa wa kariya: ulitoka kabla ya kichuguu. Nimerudia. Vilevile!
Nikatazama nati za gurudumu. Zimelegea. Mzigo ukikaa kule mwisho unalitikisa gurudumu, linasogea mbele, mnyororo unaning'inia.
Nehemiya alipita, akaniona nikilifunga gunia kwa adabu, akauliza kama mama mkwe amelala vizuri.
Hapo ndipo nikaelewa. Mariette hukaa karibu, ananishika kiuno. Mama mkwe hukaa kwenye ncha, amekamata chuma, asije akanigusa. Heshima! Nehemiya hana spana ya jambo hili.

Jumapili, 14 Juni
Mariette amemweleza mama yake kwamba akae katikati. Nimekaza nati. Chakula cha jioni alikula vizuri.

Jumanne, 16 Juni
Saa kumi na mbili na nusu. Naandika juu ya tandiko, mama mkwe anakunywa maji. Mariette amebaki na watoto, kwa hiyo hakuna wa kupitishia maneno.
Tulianza kabla giza halijatoka. Alikaa kwenye ncha. Palepale kwa Emery – mnyororo chini. Nikaurudisha, nikakaza nati. Nikasikia kariya inalia: amesogea. Kisha vidole viwili kwenye shati langu.
“Mukwe,” alisema. Miaka sita, mara ya kwanza! “Mimi sione ni nani ninakamata. Endesha.”
Tangu hapo haujatoka. Kufika Kabingo umebaki mlima mmoja, ule mrefu. Amemaliza maji. Amepanda mwenyewe, bila kuambiwa, katikati. Sasa ni mkono mzima kwenye shati, na unanivuta: twende.