Kompyuta Inakataa Neno la Siri, Mume Anasema Kuna Mwanamume Ndani

Shangazi Redempta mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaibeba hii kompyuta nikaipiga chini Majengo watu wakiona, maana nimechoka na mashine na nimechoka na mume. Mimi ni mzaliwa wa Mbeya niliyeolewa huku Sumbawanga, nina stesheneri, na mume wangu Wilibrodi ananunua samaki Kabwe anauza mjini, na kompyuta ya dukani tunaitumia wote wawili, neno la siri moja, barua pepe moja, hatujawahi kufichana. Kaka yangu Ebenezer ndiye aliyeniwekea Linux badala ya Windows ili flashi za wateja ziache kuniletea virusi, na kweli virusi viliisha. Sasa wateja wakazoea kuchungulia vidole vyangu ninapoandika neno la siri, nikampigia kaka, akanielekeza kwa simu namna ya kulibadilisha, nikaandika amri zake kwenye lile dirisha jeusi, neno jipya likakubali, nikamshukuru Mungu.

Kumbe nimejiletea balaa. Tangu hapo nikiwasha naingia vizuri, lakini nikifungua barua pepe kinatokea kisanduku kinadai neno la siri la kitu kinaitwa keyring, naandika lile jipya, kinakataa, naandika herufi moja moja, kinakataa, nakifunga, kinarudi, na wateja wananitazama kama nimeiba mashine ya mtu. Na barua pepe haifunguki, maana neno lake lilikuwa linakumbukwa na kompyuta yenyewe.

Wilibrodi aliporudi kutoka Kabwe akakaa asome ujumbe wa mteja wake wa Tunduma. Nikampa neno jipya, akaingia, kisanduku kikamtokea.

"Mama Asifiwe, mbona linakataa?"

"Hata mimi linanikataa."

"Neno umebadilisha wewe mwenyewe, halafu hulijui?"

"Baba Asifiwe, nakuapia..."

"Umeweka kufuli ndani ya kufuli. Humu kuna mwanamume."

Sasa amewaita ndugu zake kutoka Chala, Jumapili wanakuja kunihoji, nifungue mbele yao. Ebenezer anasema nifute kila kitu aweke upya. Nikifuta, kazi za wateja zinapotea na Wilibrodi atasema nimeharibu ushahidi, nisipofuta, nimeficha. Nifanyeje?

Tusajigwe, Majengo

*

Tusajigwe, marahaba. Jumapili isingesubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu. Wasomaji nawasimulia tuliyoyafanya kwa sababu wanaoteswa na kisanduku hicho ni wengi, nami nimo. Cha ofisini kwetu nimekitukana kwa maneno ambayo shangazi hatakiwi hata kuyajua.

Kwanza nilikukataza kufuta. Kaka yako anakupenda, lakini kila kinachomshinda dawa yake ni kufuta! Kompyuta yako ina mlango, na ndani yake ina kisanduku inamotunza maneno ya siri ya barua pepe na mengineyo. Hicho ndicho keyring. Zamani vyote viwili vilifunguka kwa neno moja, kwa hiyo hukujua kama ni viwili. Amri za Ebenezer zilibadilisha neno la mlango tu. Kisanduku bado kinadai lile la zamani, na wewe umekazana kukilisha jipya. Mashine imekuandikia waziwazi kwamba neno la kuingilia halilingani tena na la keyring. Unawachapia watu barua mchana kutwa, ya kwako unaifunga bila kuisoma?

Nilipokuuliza nani analijua neno la zamani, ulisema, "Mimi na Wilibrodi." Nikakwambia wewe usiguse kitu. Akae yeye, aliandike kwa mkono wake, ndugu zake wakiona.

Ndivyo ilivyokuwa. Aliandika, kisanduku kikafunguka, barua zikaja. Shemeji yako Romani akazisoma mpaka akachoka: oda za samaki aina ya migebuka, ratiba ya kwaya, wateja wako wanaoomba kazi. Akauliza, "Sasa huyo mwanamume yuko wapi?" Wilibrodi akasema mashine za siku hizi ni mbovu, akatoka nje. Nawe ulinipigia unalia kwa hasira, na mimi sikulaumu.

Sasa maliza kazi. Fungua programu ya Passwords and Keys, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya palipoandikwa Login, chagua kubadilisha neno la siri, weka la zamani, halafu hili jipya unaloingilia. Yakilingana, hutasumbuliwa tena. Usikubali kuacha pa neno jipya patupu ili upumzike kuandika. Hilo ni duka, kila mtu anapita. Na msomaji aliyesahau kabisa neno lake la zamani afute hiyo keyring peke yake. Kompyuta itatengeneza nyingine. Maneno yaliyotunzwa yatapotea, atayaandika upya, lakini faili zake hazitaguswa.

Kuhusu mumeo, usimpikie chai ya kumbembeleza wala usijifanye yameisha.

Wilibrodi, najua gazeti hili linafika Kabwe. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa inakuuliza neno unalolijua, ukaona heri umwite mkeo malaya. Ndugu uliowatoa Chala waje wasikie akihojiwa, watoe tena Chala, waje wasikie ukimwomba radhi.