Michembe ya Stamili

Mlowo, Mbozi

Mdogo wangu Tabita,

Nimekuficha ugonjwa uliomuua kaka yetu Osea. Nimeliandika hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitahamia kwenye mvua, kisha kwenye kahawa, kisha kwa wajukuu, na karatasi itaisha. Sasa limeshaandikwa, na kwa kuwa natumia kalamu ya wino, siwezi kulifuta.

Habari za Itumba? Nimesikia baridi ya mwaka huu imewatesa, na kwamba goti lako bado linakusumbua kwenye kile kilima cha kanisani. Pole sana. Mimi sijambo kwa kadiri ya umri wangu. Miguu imevimba, nalala nimeegemezwa mito, na kutoka kitandani hadi barazani nasimama njiani kama lori kwenye foleni ya Tunduma. Nilikuwa tabibu, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kunieleza maana ya dalili hizo. Usilie. Mwili umechoka, lakini moyoni nina nafuu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu Osea afariki, na ndiyo maana nakuandikia. Jambo hili halisemwi kwa simu.

Unaikumbuka siku ile. Osea aliingia nyumbani mchana, akala michembe ya mkewe Stamili, akajilaza, na kabla jua halijazama alikuwa amefariki. Alikula peke yake. Sisi wengine hatukuzoea viazi vilivyokaushwa vya watu wa bondeni. Tulikuwa tukimtania Stamili kwamba anachemsha soli za viatu. Basi kwa kuwa aliyekula ni mmoja na aliyekufa ni huyo huyo, tukatafuta sababu kwenye sufuria. Wewe ndiye uliyeimwaga nyuma ya jiko, na wanawake wote wa ukoo wakakufuata. Stamili akarudi kwao Chitete, na tangu hapo hakuna aliyegusa chakula chake.

Sasa nikueleze yaliyotokea karibuni. Wilbard, mtoto wa Osea, alikuja kuniona kutoka Tunduma anakouza vipuri. Hata hajakaa vizuri akasema tumbo linamchoma hapa juu, chini ya kifua, akaniuliza kama bado nina vidonge vya vidonda vya tumbo, maana chipsi za mpakani zinammaliza. Alikuwa anacheka. Lakini asubuhi ilikuwa ya baridi, na shati lake lilikuwa limelowa jasho, na alikuwa akijikanda taya. Nikamwambia twende hospitali. Akanitania kwamba matabibu wastaafu huona magonjwa makubwa makubwa ili waonekane bado wana kazi. Tabita, nilimpigia kelele mpaka jirani yangu Shadrack akaja mbio akidhani nimeanguka. Akatupakia sote wawili kwenye gari lake la kubebea kahawa, Wilbard akilalamika njia nzima kwamba baba mdogo anamwaibisha.

Hospitalini walimpima umeme wa moyo, wakakuta ni mshtuko wa moyo. Lakini tuliwahi. Nakuambia mapema usije ukasoma kwa hofu: Wilbard yuko nyumbani, anakula, anameza dawa zake na kubishana kuhusu mpira kama zamani. Mshukuru Mungu hapo kwanza, halafu uendelee.

Alipopata nafuu, daktari mmoja kijana aitwaye Brenda alimuuliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua moyo au kufa ghafla. Wilbard akajibu kwamba hakuna mwenye ugonjwa wa moyo, ila baba yake alilishwa sumu. Alilisema kama mtu anavyotaja kijiji alichozaliwa. Daktari akamuuliza ni nani aliyemlisha. Akageukia ukutani, akasema watu husema ni mama. Brenda akaandika kwenye kompyuta kwamba hakuna ugonjwa wa moyo katika familia hiyo. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo pembeni ya kitanda, nikanyamaza.

Wiki ile ile binti yangu Alinanuswe alikuja kututazama. Unajua alisomea takwimu, lakini sidhani niliwahi kukueleza kazi yake. Yeye na madaktari anaofanya nao kazi wanakusanya kumbukumbu za wagonjwa kutoka hospitali nyingi, wanaondoa majina, wanaziunganisha katika kanzidata moja kubwa ya kompyuta, kisha wanatafuta humo ni watu gani wanapata mshtuko wa moyo na ni wapi wanapotuponyoka. Tulikaa barazani akanieleza. Alisema kundi moja linawaumiza vichwa: watu waliofika wakilalamikia tumbo, wakapewa dawa za vidonda, wakarudishwa nyumbani. Baadhi yao walirudi wakiwa wamebebwa. Wengine hawakurudi tena.

Nikamuuliza kompyuta inajuaje kilichowaua wale wasiorudi. Akacheka, akasema, baba, kompyuta haijui kitu, inajua tulichoiambia tu. Ukiiambia uongo itauhesabu pamoja na ukweli bila hata kukunja uso. Nikauliza kama kumbukumbu za Wilbard nazo zitaingia humo. Akasema huenda siku moja, bila jina. Nikasema basi Osea atakuwa amekufa kwa sumu hata kwenye utafiti wa mwanangu mwenyewe. Aliacha kucheka. Aliniuliza nina maana gani, nikamweleza yote. Hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu, kama mama mkubwa Stamili anajua.

Stamili alikuwa Tunduma akimuuguza mwanawe. Nikaomba aje. Alipofika, Alinanuswe akamletea chai, naye akafungua mkoba wake akatoa kikombe chake mwenyewe. Alisema amezoea kukibeba kila anapopita kwa watu wa ukoo huu, ili asiguse vyombo vyao wakaja kuvitupa. Nilishindwa kumtazama. Nilipomaliza kusema niliyokuwa nayo, alikizungusha kile kikombe, kisha akasema, shemeji, Osea alipoingia nyumbani aliniambia ametoka kwako. Nilipokuona unafika msibani nilifurahi, nikajua nimepona, tabibu atasema. Nikangoja useme.

Nikamuuliza kwa nini hakusema yeye. Alinijibu kwa ukali, na ilikuwa haki yake. Alisema nani angemsikiliza mwanamke wa bondeni mbele ya tabibu wa zahanati, tena ndugu wa marehemu? Kisha akasema ombi langu la radhi amelisikia, atalifikiria akipata nafasi, ila yeye hataki radhi, anataka jina lake. Akataka nikuandikie wewe, siyo mchungaji wala wazee, kwa sababu ni wewe uliyemwaga sufuria na ni wewe ambaye wanawake wanakutazama mpaka leo.

Kesho yake alinipikia michembe. Nimekula, Tabita, sahani nzima, na Stamili akinisimamia kama muuguzi. Nikamwambia bado inafanana na soli. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, akasema Osea naye alikuwa akisema hivyo hivyo huku akiongeza. Usiku huo nililala bila kuamka, jambo ambalo dawa zangu hazijaweza. Wilbard naye amerudi kwa Brenda, na yale maandishi yamesahihishwa. Watoto wake sasa watapimwa, kwa kuwa wanajua kilichomchukua babu yao.

Angel, binti mkubwa wa Wilbard, anaolewa baada ya mavuno ya kahawa. Stamili ndiye atakayepika. Ikiwa nitakuwa bado nipo, nitabebwa niende. Nisipokuwepo, nakuomba ukae karibu na jiko na upakuliwe wa kwanza, watu wakuone.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, shemeji Danieli na wajukuu, na umwambie Goodness kwamba soksi alizonifumia zinanitosha hata sasa miguu ilivyovimba. Mungu akutunze, na goti lipone.

Naona nimefika kwenye salamu za mwisho na jambo lenyewe bado sijaliandika wazi. Siku ya harusi watu watakuuliza kwa nini unakula. Usiwaambie kwamba kaka amezeeka. Wasomee haya, kwa sauti:

Asubuhi ya siku aliyokufa, kabla hajaonja chakula cha mke wake, Osea alikuja kwangu zahanati akitoka jasho na kujishika kifua. Nilimwambia ni vidonda vya tumbo, nikampa vidonge, nikamrudisha nyumbani. Na msibani, baba mkubwa Rabson aliponiuliza mbele ya ukoo wote kama ndugu yangu alikuwa mgonjwa, nilijibu kwamba alikuwa mzima.

Ni mimi kaka yako,
Manase