Sauti Uliyoniomba kwa Muvi ya Mama

Maskati, Jumatano

Kwako mdogo wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba, ingawa umeiandika "shkm" kama vile irabu siku hizi zinauzwa. Mama hajambo? Mguu wake unakanyaga vizuri? Mahindi ya nyumbani Misima yametoka, au mvua imewachezea tena? Mimi mzima. Nakula, nalala, napiga kazi. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina.

Utashangaa nimeandika kwa kalamu halafu nikakupigia picha karatasi. Voisi nilijaribu. Nikibonyeza tu mdomo unaanza utani, na leo sitaki utani peke yake.

Kazi yenyewe ni kufagia ukumbi wa sinema. Usicheke. Kaka yako, Dijei Athu, sauti iliyotikisa banda la video la Shaabani pale Kwamndolwa, leo nina ufagio na mfuko wa taka. Lakini nitajie mwingine kwenye ukoo aliyeona miisho ya muvi za dunia nzima. Miisho, nasema. Tunaingia zikibaki dakika kumi, tunasimama ukutani mpaka taa ziwake, tuzoe bisi. Nimemwona Mjapani anakula wali peke yake mpaka bakuli likaisha. Nimemwona bibi wa Kihindi anasubiri treni, treni ikampita, akakunja sari yake akaondoka. Mwanzo wao siujui. Najitungia mwenyewe huku naokota vikombe.

Wiki mbili zilizopita walirudisha muvi ya zamani ya Kituruki. Mzee anapanda mlima wenye theluji, kabeba cherehani mgongoni. Nikasema, huyu namjua! Na wewe unamjua. Ulikuwa darasa la sita, umekaa benchi la mbele unatafuna mihogo, na mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Yule mzee hasemi neno mpaka mwisho, na banda letu unalijua, dijei ukinyamaza kidogo tu wanakupigia kelele, "Dijei umelala! Amka!" Basi nikawajazia. Nikamsemesha mzee: "Bi mdogo kaniibia moyo, na mimi namwibia cherehani!" Watu wakagonga mabati. Baba, aliyekuja kukuchukua, alicheka mpaka akavua kofia. Kituruki nilikuwa sikijui, na Kiingereza cha yale maandishi ya chini, kidato cha pili hakikunifikisha huko. Sikuona tabu. Nilikuwa fundi.

Safari hii pembeni yangu alikuwepo Jemali, Mturuki anayewasha mitambo. Nikamtania kwa Kiarabu chetu cha kubabaisha, "Mzee wenu mwizi wa cherehani huyo."

Akaniangalia. "Ni ya binti yake. Alikuwa fundi mjini, amefariki. Gari halifiki kijijini kwao, anaipeleka nyumbani."

"Mbona hasemi?"

"Aseme nini?"

Nikaenda kuzoa bisi. Sikusikia kitu chochote moyoni, Mwanaidi. Kama siku ile uliponipigia kwamba baba ametutoka. Nilisema "Innalillahi", nikauliza kama kaburi limeshachimbwa, nikarudi kupiga deki. Mpaka leo ni hivyo hivyo. Watu wananipa pole, nami naitikia kama mtu aliyepitishiwa chumvi mezani.

Sasa muvi yako. Dakika sita, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Mwanzo inatikisika kama umepanda punda, na kidole chako kimeingia mara mbili, aibu. Halafu mama anatoka ndani na jembe la baba. Analipima. Mpini mrefu, unamzidi. Anakaa kwenye kigoda, anachukua msumeno, anaukata. Anasimama, analipima tena. Anaelekea shamba. Hakuna neno hapo, ni msumeno na kuku tu.

Umesema Shaabani kakutisha: Jumamosi, vijana wa Handeni na Korogwe mkionyesha kazi zenu bandani kwake, hapo kwenye mpini watakuzomea, na yule mama wa Tanga anayekuja kuchagua muvi moja ya kuonyeshwa mjini atakuruka. "Mpe Athu aweke sauti, watu watacheka, utashinda." Nawe ukaniomba. Nilirekodi mara tatu. Ya tatu ilikuwa kali, sikufichi. Mama analiambia jembe, "Ulimzoea mrefu, sasa utamzoea mfupi." Shaabani angeanguka chini. Nimezifuta zote.

Sitakutumia sauti. Kasirika ukitaka. Jumamosi unaweza kushindwa, na wa kulaumiwa nitakuwa mimi, nakubali. Lakini miisho niliyosimamia ukutani ni mingi kuliko ya huyo mama wa Tanga, na nakwambia muvi yako ingekuwa hapa, watu wangechelewa kuinuka, wakaniacha nasubiri na ufagio wangu. Mimi mwenyewe niliiangalia mara nne kwenye chumba tunachobadilishia nguo. Sikulia. Ila mara ya nne niligundua chai yangu imepoa na sijaigusa. Pokea hivyo hivyo, sifa nyingine sina.

Kidole chako kule mwanzo kikate. Mpini usiuguse, hata sekunde moja. Wakianza "Dijei umelala", simama, sauti ya ukoo unayo, waambie dijei yuko macho, anaangalia.

Nisalimie Shaabani, mwambie mimi binamu yake nimesema cherehani ile haikuibwa. Shangazi unayekaa kwake hapo Kwamndolwa, shikamoo yake, na asikuamshe mapema Jumamosi. Mwalimu wa madrasa aliyetusomea hitima ya baba, mpe mkono kwa niaba yangu.

Mama mpe shikamoo, halafu umuulize kitu kimoja. Kile kipande cha mpini alichokikata, muvi yako haionyeshi kilikoangukia. Kama hajakitia jikoni, anitunzie.

Kaka yako,
Athumani