Siku Vitanda Vilipoondoka Murera

Ijumaa. Baridi ya Julai imekaa Ruiru tangu asubuhi, ile ya manyunyu yasiyokatika wala kuwa mvua ya maana. Nimerudi nyumbani Kimbo mapema, nimejifunika shuka juu ya sweta, na bado miguu haijapata joto.

Leo tumefunga nyumba.

Kwa mtu anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi nimekuwa matroni wa nyumba salama kule Murera. Wanawake waliopigwa au kubakwa walikuwa wakiletwa kwetu na watoto wao, wapate pa kulala bila hofu. Ulikuwa mradi wa serikali. Mwaka wa fedha uliisha Juni, na kwenye bajeti mpya hatumo. Hakuna aliyetuvunjia heshima. Tuliambiwa tu pesa imeelekezwa kwingine, tusubiri bajeti ya nyongeza.

Tusubirie wapi, hilo hawakusema.

Lori lilikuja asubuhi kuchukua vitanda. Afisa aliyetumwa ni mzee mpole, hata alinisaidia kukunja mablanketi. "Pole matroni, mimi natumwa tu," akasema. Nikamwambia najua. Nilidhani nitalia. Badala yake nilikuwa nawaza kwamba godoro la chumba cha nyuma limechanika, na ilifaa nilishone kabla hawajalichukua.

Wengine wote walikuwa wamepata pa kwenda wiki hii, hata kama ni kulala sebuleni kwa dada. Alibaki Njeri na binti yake mdogo, Wambui. Njeri aliletwa kwetu mume wake alipomvunja mkono. Plasta imetolewa juzi tu, na mkono wenyewe umekonda kuliko mwenzake. Wazazi wake walishafariki. Kaka yake alisema nyumba yake ni ndogo.

Nilimkuta amekalia begi lake kwenye veranda.

"Anti, mimi nitarudi tu kwangu," akasema. "Labda amebadilika."

Hakuniangalia. Mimi sentensi hiyo nina majibu yake, nimeyatoa miaka mingi: usirudi, hapa uko na mahali. Leo mahali penyewe palikuwa pakipakiwa kwenye lori.

Kabla ya saa sita bodaboda ilisimama getini, akashuka mama mtu mzima amevaa gambuti zenye matope ya shamba. Ni mama mkwe wa Njeri, kutoka Theta. Njeri mwenyewe ndiye aliyempigia simu asubuhi kumwambia anarudi, akamwelekeza tulipo. Siku zote tulificha mahali tulipo kama siri ya kaburi. Leo sikuona sababu ya kumkaripia.

Lakini nilisimama getini.

"Umetumwa na kijana wako?" nikamuuliza.

"Kijana wangu hanitumi," akasema. "Mimi ndiye Wambui. Yule mtoto amepewa jina langu. Mama yake akivunjwa mkono, ni nani amevunjwa?"

Nikampisha. Alienda moja kwa moja kwa Njeri, akambeba mtoto.

"Mama Wambui, chukua begi. Hatuendi kwake. Tunaenda kwangu."

"Na akikuja huko, cucu?" Njeri akauliza, akimwita bibi kama mtoto amwitavyo.

Mama alimfuta mtoto kamasi kwa pembe ya kitambaa chake.

"Akikuja atanikuta mlangoni. Nilimzaa, namjua." Kisha akashusha sauti. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Mimi nilivumilia kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Wewe usifuate njia yangu."

Njeri alianza kulia, yule afisa akageuka akajifanya anakaza kamba za lori. Mimi nilikuwa nimeshika mablanketi. Niliyasikia maneno yote, nikayaelewa, nikaona kabisa kwamba hapa ndipo moyo unapaswa kuguswa. Haukuguswa. Ni kama mkono ulioulalia ukafa ganzi.

Nikubali jambo moja hapa. Kazini tumefundishwa usimpeleke mwanamke kwa familia ya aliyemuumiza. Mama ni mama. Leo anasimama mlangoni, kesho mwanawe anakuja na machozi na mkate, mlango unafunguka. Nilimwambia Njeri hayo kando, waziwazi. Akanijibu, "Basi niambie niende wapi, anti."

Nikamwomba simu yake.

Nilimwandikia kwenye simu namba ya afisa wa kike wa dawati la jinsia la polisi na namba yangu, nikawasindikiza hadi barabarani. Nikarudi nikafagia vyumba vitupu. Sijui nilikuwa namfagilia nani.

Jioni Njeri amenipigia. Wamefika, wamekula githeri, mtoto amelala, na cucu amefunga geti kwa kufuli akaweka ufunguo kifuani. Mume alimpigia mamake simu mara mbili. Mara ya kwanza mama alimwambia asikanyage huko. Mara ya pili hakupokea. Nikasema asante Mungu, kwa sababu ndivyo watu husema.

Nikaweka chai motoni. Kabla haijachemka, simu tena. Ni yule afisa wa dawati la jinsia. Hakuwa amesikia kwamba tumefunga.

"Anti, uko na nafasi? Ni mama mmoja na mtoto mchanga."

"Hatuko tena," nikamwambia. "Vitanda vimeenda leo."

Hakukata simu, nami sikukata. Nyuma yake nilisikia mtoto akilia na mtu akimbembeleza kwa sauti ya chini sana. Kisha akasema, "Sawa anti, acha nione," akakata.

Chai ilimwagika jikoni nikaiangalia ikimwagika.

Sikumuuliza huyo mama anaitwa nani. Nimekaa hapa na simu mkononi. Hiki chumba changu kina kochi, na kochi halihitaji bajeti. Naogopa, na sijui kama nina nguvu ya kubeba mtu mwingine.

Nampigia yule afisa wa dawati sasa.