Sangara wa Shangazi Amondi

Buhongwa,
Mwanza.
21 Septemba 2025.

Mpendwa Shangazi Amondi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na lile goti limepunguza kukusumbua sasa baridi ya Songea inapolegea. Binti yako Paskazia hajambo? Mahindi mmeshapukuchua? Huku hatujambo. Mke wangu Hellen anakuamkia. Baba, mdogo wako, anaendelea vizuri. Kidonda cha mguu kimefunga kabisa, na magongo ameyazoea kiasi cha kuyatumia kufukuzia kuku wa jirani.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi nikaiweka. Jambo lenyewe ni la aibu, Shangazi, na kwa simu ningelikatiza katikati nikaanza kukuuliza habari za mvua. Kwenye karatasi hakuna pa kukimbilia.

Nianze na swali la Paskazia. Mlipopiga simu mwisho wa mwezi wa nane aliniuliza kama zile nyongeza za kulipia za gemu zina thamani ya hela zake. Aliniuliza kwa kuwa mimi ni fundi simu, najifanya kujua kila kinachotumia umeme. Wewe usiyezijua, ziko hivi: unanunua gemu, unacheza, halafu wenye gemu wanakuambia kuna uwanja mwingine, au nguo nyingine, au ziwa jingine, ila ulipe tena ndipo upakue. Nilimjibu kwa sauti kubwa kwamba zina thamani sana, na kwamba mimi nimetoka kumnunulia Baba moja. Nilikuwa najisifu. Hayo yalikuwa kabla sijaharibu.

Chanzo ni daraja. Mwezi wa saba tulikwenda msibani Sengerema, tukapita juu ya daraja jipya la Busisi. Baba alibandika uso kwenye kioo cha gari akaangalia maji mpaka yakaisha. Maisha yake yote alikuwa mvuvi, lakini tangu akatwe mguu hajaenda ziwani, na hapa tunapoishi ziwa halionekani, ni vumbi na malori ya Shinyanga tu. Nikamwonea huruma. Dukani kwangu kulikuwa na pleisteshen, mashine ya kuchezea gemu kwenye televisheni, niliyonunua kwa mteja, na ndani yake gemu la kuvua samaki. Nikamletea.

Gemu lile lilikuwa na maziwa ya Ulaya. Baba alivua kidogo, akauliza hawa samaki wa madoadoa wanaliwa na nani, akanirudishia padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Ndipo nikaiona nyongeza: ziwa la Afrika, lenye matete, mitumbwi na sangara. Hellen alikataa. Alisema hela hiyo inajaza mtungi wa gesi, na bado bando la kupakua litataka yake. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, kesho yake nikainunua.

Nisiseme uongo, Baba alifurahi. Alikaa mbele ya televisheni akiwakosoa walioitengeneza: upepo wa namna hii hauvumi asubuhi, ndege yule hakai kwenye matete, mtumbwi gani unageuka hivyo. Siku zote hizo hakupata kitu, samaki walikuwa wanakata uzi, lakini alikuwa anacheka. Nilijiona mwana mwema kuliko wote Buhongwa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu jumuiya ilisali kwetu. Baada ya sala na chai nikamwomba Baba awaonyeshe wageni anavyovua. Sikufanya kwa ajili yake. Nilitaka watu waone mimi nilivyomtunza. Baba akatupa ndoano, na siku hiyo sangara akanasa. Alivutana naye mpaka jasho likamtoka. Hata mzee Luhende, mwenyekiti wetu, ambaye maji anayoyajua ni ya kuoga, alisimama na kikombe mkononi. Sangara akaja juu, mkubwa, watu wakapiga makofi.

Gemu linakupa njia mbili tu: umuuze upate hela za mchezo, au umwachie. Nikamweleza Baba. Akanigeukia akaniuliza, mbele ya wote, sasa huyu wa Amondi tunamweka wapi.

Wewe unajua alichokuwa anauliza. Nyumbani kwetu Shirati, ukiwa na nyavu mpya au mtumbwi mpya, samaki wa kwanza haendi sokoni. Ni wa dada mkubwa, na mpaka dada aseme amepokea, hakuna kuuza hata dagaa. Umewapokea wangapi, Shangazi? Hata yule aliyekufikia Songea kwa basi akiwa ameshaanza kunuka ulimpokea, ukasema maneno yako yale yale: "Nimepokea, rudini majini." Huyo nilimbeba mimi mwenyewe mpaka stendi. Siwezi kusema sikujua.

Na bado nilicheka. Nilimwambia, "Baba, hili ni gemu tu," nikanyoosha kidole nikabonyeza pa kuuzia, kwa sababu nilitaka hela zipatikane tununue mtumbwi mkubwa wageni wauone. Televisheni ikalia chwalala kama sarafu zinazomwagwa. Jumuiya nzima ikacheka pamoja nami.

Baba hakucheka. Aliweka padi mezani, akaomba magongo yake, akaingia chumbani. Jioni hakuja kula. Hellen ni Msukuma, kwao ni watu wa ng'ombe, mambo ya nyavu hayajui, lakini aliniambia nimekosa hata kabla sijamweleza desturi yenyewe. Alisema alikuwa anamwangalia Baba usoni wakati sisi tunaangalia televisheni.

Wiki iliyofuata Baba alirudi kucheza, mchana, nikiwa dukani. Nikadhani yameisha. Hellen akanieleza kwamba kila samaki anayemvua anamwachia, wakubwa kwa wadogo. Mtumbwi wake ni ule ule wa mwanzo, kwa kuwa hauzi kitu. Nikaketi karibu naye, nikamuuliza sababu, safari hii kwa adabu. Hakuondoa macho kwenye maji.

"Umeuza samaki wa dada yangu mbele za watu," alisema. "Mimi nitauza nini tena?"

Shangazi, nilistahili jibu lile. Na nikiwa nimekaa pale nikakumbuka kwamba ziwa la kweli lipo. Kutoka hapa mpaka mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, si safari ya kuagana na watu. Mtu huyu amemaliza mwaka mzima bila kugusa maji, nami nikaona nafuu kumpakulia ziwa kuliko kufunga duka nusu siku nikampeleka. Hilo linaniumiza kuliko kicheko cha jumuiya.

Jumatatu nilifunga duka, nikamchukua kwa bajaji hadi mwalo wa Kirumba. Hakuniuliza tunafuata nini. Alipita kwa wauza samaki na magongo yake, akawafunua sangara mashavu kwa kidole, akakataa huyu na yule, akabishana na mama mmoja kwa Kijaluo mpaka wakagundua wote ni wa kwetu Rorya. Aliyemchagua si mkubwa kama yule wa gemu. Nilipotoa pochi alinishika mkono, akalipa mwenyewe. Kisha akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi uliovutwa nchi kavu nusu, akatia mguu wake mmoja majini, akakaa hivyo. Nilimsubiri bila kuangalia saa.

Nyumbani alimpasua mwenyewe, akamtia chumvi, akamwanika juu ya bati akimlinda na wale kuku. Amekuwa kayabo safi. Ndiye huyo aliyefungwa kwenye gunia dogo. Antoni, dereva anayeleta dagaa huko kwenu, atakukabidhi mkononi pamoja na barua hii. Yule wa gemu nilishamuuza, harudi.

Mwambie Paskazia nyongeza ile ina thamani. Ziwa lake ni zuri, na hela yangu haikupotea. Anunue tu. Ila kama anamnunulia mtu, akae naye acheze naye, na asimshikie padi.

Nisamehe, Shangazi. Na ninakuomba jambo moja. Ukishampokea usinipigie mimi, mpigie Baba, umwambie maneno yako. Hajui kwamba nimekuandikia haya. Tangu tutoke mwaloni padi hajaigusa, ameiweka juu ya kabati, na simu yoyote ikilia humu ndani anageuza kichwa.

Wasalimie Paskazia, mumewe Nathaniel na mama mkwe wake. Hellen anasema usimpike wote siku moja. Mungu akulinde, akupe magoti ya kupandia ngazi za kanisa na miaka mingi ya kupokea samaki wetu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye huku nimeinamisha kichwa,

Okwach.